Viatu vya Babu na Bahari ya Unguja

Makambako,
Njombe.
Jumanne, 18 Juni 2024.

Mpendwa Mama mdogo Juliana,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuanza na jambo ambalo lingepaswa kuja baada ya salamu. Nikitanguliza salamu nitapoteza ujasiri wa kuliandika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mara nyingine, nyumbani kukiwa hakuna mtu, huwa nachukua kikombe kikubwa cha Baba, najaza maji, natia chumvi vijiko viwili vya chai, nakoroga mpaka iyeyuke, halafu naonja. Kitabu cha Jiografia kinasema lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu thelathini na tano. Nilipima kwa mizani ya dukani kwa Mama, nikaona kwa kikombe kile inakuwa vijiko viwili. Siyamezi. Nafumba macho, nayashika kidogo mdomoni, kisha natoka kuyatema chini ya mparachichi. Nilitaka tu kujua yalivyo.

Nimekuambia hilo ili ujue nilivyotaka kwenda Unguja. Hapa nyumbani wanadhani nilikuwa naifuata safari kwa sababu kila mtu anaifuata.

Sasa salamu. U mzima? Baba mdogo Lameki hajambo? Na Yoramu, lile jino lake limeota? Zamu za usiku zimepungua hapo hospitalini, au bado unalala mchana kama ulivyosema wakati wa Pasaka? Nakuombea upate nafasi ya kupumzika kabla ya safari, maana kutoka Musoma mpaka Dar es Salaam ni mwendo.

Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza kweli, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu na viazi vya jirani vimeungua majani yote. Baba yuko safarini na lori upande wa Tunduma. Mama anaendelea na duka. Babu na Bibi bado wako kwetu tangu walipotoka Uwemba kuja kliniki ya macho Ilembula. Macho ya Bibi yana nafuu, anaona uzi wa sindano lakini tundu bado halioni vizuri. Goti ndilo linalomsumbua. Babu yeye ni mzima kupita sisi sote, na kila asubuhi ananiamkia, "Kamwene, mke wangu," halafu Bibi anajibu kutoka chumbani kwamba mke mwenzake ni mvivu, bado hajabandika chai.

Ulipopiga simu Jumapili ukauliza kwa nini jubilei imesogezwa na kwa nini mimi simo tena kwenye safari, simu ilikuwa kwenye spika na sebule ilikuwa imejaa watu. Nilikujibu kwamba ni mambo ya shule. Haikuwa uongo, lakini haikuwa yote. Yaliyobaki ndiyo haya.

Unajua jinsi Mjomba Denis alivyoipanga sherehe. Misa ya shukrani ya miaka hamsini ya ndoa ilikuwa ifanyike Uwemba Jumatano, kesho yake basi dogo lituchukue mpaka Dar es Salaam, tulale kwake, na Jumamosi tarehe 22 tupande boti ya asubuhi kwenda Unguja. Alipata nyumba ya wageni upande wa mashariki wa kisiwa, akatutumia picha yake. Mchanga mweupe mpana kama uwanja wa mpira, bahari iko mbali kabisa, mstari wa buluu tu. Akasema hapo hapo mchangani ndipo tutakapoweka meza, viti, taa na muziki. Sherehe ianze saa kumi alasiri, watu wote wavae nyeupe, na jioni mwezi mpevu ukichomoza juu ya bahari, Babu amlishe Bibi keki. Tarehe 22 aliichagua kwa ajili ya mwezi huo.

Watu waliipenda. Bibi ndiye aliyeuliza huko baridi ikoje, na hata alipoambiwa kwamba hakuna baridi alikunja sweta mbili akaziweka kwenye mfuko. Babu alitaka kubeba dumu la ulanzi. Mama akamwambia ulanzi utaendelea kuchacha njiani, na ukifika Chalinze utakuwa umepasua dumu na kutuogesha wote. Isitoshe, tunakokwenda ni kwa watu wengi wasiokunywa, tuwaheshimu. Babu alikubali, akabadilisha ombi lake likawa gunia la viazi.

Mjomba Stanley, kama mwenyekiti wa kamati, alikuwa na wasiwasi mwingine. Alisema sisi watu wa huku tumezoea udongo mgumu, tukiingia mchangani kwa kucheza muziki mbele ya wageni wa Denis tutaanguka. Kwa hiyo pale kwenye kiwanda chake cha mbao alimwaga maranda chini ya banda, yakawa mengi mpaka kufika kwenye vifundo vya miguu, na kila jioni baada ya mashine kuzimwa tukawa tunakwenda kufanya mazoezi. Tunavua viatu, tunapanga mstari wawili wawili, Babu na Bibi nyuma kabisa kama maharusi, muziki unawekwa kwenye simu, tunaingia. Miguu inazama kweli. Mafundi wa msumeno walikaa juu ya magogo wakitutazama, na mmoja wao akauliza, "Mzee Tarsis, na huko Unguja utaingia na gambuti?"

Maana Babu alikataa kuvua gambuti zake.

"Nitaingia nazo," Babu akamjibu. "Bahari naijua mimi. Wewe unajua nini zaidi ya mbao?"

Hapo naomba nikumbushe hadithi ya viatu, ingawa unaijua kuliko mimi. Babu alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge. Kwa malipo yake ya kwanza alinunua raba nyeupe. Jumapili moja yeye na wenzake wakaenda kuiona bahari. Akavua raba zake, akaziweka mchangani na soksi ndani, akaenda kutembea, na aliporudi hazikuwepo. Tangu siku hiyo husema watu wa Tanga walimwibia viatu, na kwamba mtu wa pwani atakuchekea huku anakuvua. Ndiyo maana hakurudi tena baharini. Ndiyo maana pia Bibi, aliyeahidiwa bahari tangu uchumba, hajawahi kupelekwa. Wakigombana, Babu humwambia, "Wewe hujaona bahari," na Bibi humjibu, "Nani wa kunionyesha? Wewe unayeogopa wezi wa viatu?"

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mjomba Stanley alinipa kazi ya kuandika risala ya maharusi na kuisoma pale ufukweni. Kusoma mbele ya watu kunanitisha, wewe unanijua, lakini kuandika napenda. Nikataka risala iwe na habari za bahari, nikafungua vitabu. Kitabu cha Jiografia kinaeleza kujaa na kupwa kwa maji. Kinasema mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, maji hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, na hiyo ndiyo bamvua. Hakisemi saa. Lakini kuna kitabu kingine nilichoazima maktaba ya shule, kinaeleza maisha ya wavuvi wa Unguja na Pemba, na humo imeandikwa kwamba siku za bamvua wanawake huenda kutafuta pweza kwenye miamba saa tatu au saa nne asubuhi, maji yanapokuwa yametoka mbali, na inapofika alasiri maji yamerudi na kujaa kabisa.

Nilisoma ukurasa ule nikaurudia. Kisha nikaomba simu ya Mama nikaitazama tena picha ya Mjomba Denis. Safari hii sikuutazama mchanga. Nilitazama ukuta wa mawe wa ile nyumba, upande wa kulia wa picha. Chini mawe ni meusi yenye ukijani, juu ni meupe, na mpaka wake umenyooka kama alama inayobaki ndani ya pipa maji yakitumika. Alama ile inamfika mtu kiunoni.

Nikajua kwamba tarehe 22 saa kumi alasiri mahali pa meza zetu patakuwa bahari.

Ungenijibu, basi si useme tu? Nilitaka kusema. Lakini nilitazama kalenda ya parokia, ile iliyochorwa miezi, nikaona kwamba ili maji yatulie inabidi mwezi uwe nusu, na Jumamosi yenye mwezi nusu ni tarehe 29. Na sisi wa kidato cha nne tunaingia kambi ya masomo tarehe 26. Sherehe ikifanyika tarehe 22, tarehe 24 niko nyumbani na siku moja ya kufua nguo inabaki. Ikisogezwa mbele wiki moja, mimi simo.

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilijiambia kwamba labda vitabu vimekosea, au labda Unguja ya mashariki ni tofauti. Nilijiambia pia kwamba Mjomba Denis amesoma, anaishi Dar es Salaam, anaiona bahari kila siku akivuka daraja kwenda kazini, na mimi bahari yangu iko kwenye kikombe. Niliendelea kwenda kwenye mazoezi ya maranda, nikaendelea kucheza.

Siku moja pale bandani Bibi alichoka, akaomba kiti. Mjomba akamwekea kiti pembeni, Bibi akakataa. Alisema anataka kujizoesha kukaa mahali atakapokaa siku yenyewe, na atakaa mbele kabisa, mbele ya meza zote, karibu na bahari kuliko mtu yeyote, kwa sababu ameisubiri kuliko mtu yeyote. Wakamwekea kiti mwisho wa maranda. Akakaa, akanyoosha lile goti lake, mikono juu ya mapaja, akatazama mbele kwenye rundo la magogo ya misindano kama mtu anayeona kitu. Miguu ya kiti ilikuwa imezama, na alipotaka kuinuka ilibidi tumshike watu wawili.

Nilirudi nyumbani siku hiyo sikula vizuri. Nilikuwa nawaza maji yanakuja na Bibi yuko mbele, kiti kimezama, macho hayaoni vizuri, na watu wote wanacheza muziki wamegeukia keki.

Jumapili tarehe 9 kamati ilikutana sebuleni kwa Mjomba Stanley baada ya misa. Mjomba Denis alikuwa kwenye simu, imewekwa juu ya meza imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Walizungumza mambo ya viti na kitambaa cheupe cha meza ya keki alichokitaka Mama. Mwishoni Mjomba Stanley akauliza kama kuna mwenye la ziada. Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Profesa ana neno," Mjomba akasema. "Sema, mama."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikaona pia kwamba nikisema moja kwa moja itakuwa kama namwambia Babu kwamba haijui bahari, mbele ya watoto wake. Nikajikuta namgeukia yeye.

"Babu, vile viatu uliviacha mchangani saa ngapi?"

"Matilda," simu ikasema, "viatu vya mwaka sitini na nane vinahusiana nini na viti vya plastiki?"

"Mwache aulize," Babu akasema. Anapenda kuulizwa habari za Tanga. "Asubuhi. Tulitoka misa ya kwanza. Saa tatu, saa nne hivi."

"Na maji yalikuwa wapi?"

"Mbali. Tuliyafuata kama kutoka hapa mpaka stesheni ya reli, tunaokota makome."

"Na uliporudi kuchukua viatu?"

"Tulizunguka mjini kwanza, tukala. Nikarudi alasiri. Maji yalikuwa..." Babu akainama. Akatazama gambuti zake.

"Malizia, mume wangu," Bibi akasema. "Maji yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa pale."

"Pale wapi?"

"Pale nilipoacha viatu."

Mjomba Denis akaita, "Haloo? Mmekatika?" Bibi alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alisema, "Tarsis, miaka yote hii unawasema watu wa Tanga. Umewasema mpaka kwa padri."

"Inawezekana waliiba kabla maji hayajafika," Babu akasema, lakini hata yeye hakuwa na nguvu katika maneno hayo.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Nilieleza bamvua, nikaeleza ukuta kwenye picha. Niliufikia mwisho. Mjomba Denis alisema ningoje, akakata, akampigia mwenye nyumba. Aliporudi hewani sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema alasiri ya siku hiyo maji yanagonga ukuta. Anasema alidhani tunajua."

"Na kwa nini hakutuambia?" Mjomba Stanley akauliza.

"Anasema hatukuuliza. Kasema picha alipiga asubuhi."

Wakajaribu njia nyingine. Sherehe asubuhi haikuwezekana, maana boti yenyewe inafika saa tatu hivi, bado mwendo wa gari mpaka ng'ambo ya kisiwa, na tukishafika maji yatakuwa yameanza kurudi. Bustani ya ndani ya ukuta siku hiyo imechukuliwa na wageni wengine. Mwenye nyumba mwenyewe akapendekeza tarehe 29. Alisema siku hiyo alasiri maji yatakuwa nje, na hata yakijaa usiku hayatafika ukutani. Mjomba Denis aliusikitikia mwezi wake, kwa sababu tarehe 29 jioni hautakuwepo. Bibi akamwambia mwezi anauona Uwemba bure, yeye anafuata maji. Wakapiga makofi, wakakubaliana. Mjomba Stanley akanipa soda mbili.

Mama peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama.

Tulipofika nyumbani akaniita jikoni, akaniwekea beseni la viazi nimenye, naye akakaa kwenye kigoda akamenya upande mwingine.

"Tarehe ishirini na tisa uko kambini," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua kabla hujanyoosha mkono?"

"Nilijua."

Akamenya kiazi kizima. Kisha akasema atampigia mwalimu wa taaluma kesho yake, na kweli alimpigia. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba wiki ile ya kwanza ndiyo ya mazoezi ya vitendo ya Kemia na Biolojia, mtaalamu wa maabara anakuja kwa wiki hiyo tu, na atakayekosa hatarudiwa. Mama alitaka kuendelea kuomba. Nikamwambia aache. Nataka kusoma sayansi ya bahari siku moja, na bila Kemia na Biolojia sitafika popote. Hilo nalo sikuwahi kumwambia mtu, na sasa mnalijua watu wawili, wewe na Mama.

Mama mdogo, sikuandikii ili unihurumie. Nililia siku moja, ikaisha. Nina mambo ya kukuomba, maana wewe utakuwepo.

La kwanza ni risala. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Naomba uisome wewe. Una sauti nzuri na huogopi watu. Mahali pa viatu nilipafuta nikaandika upya. Babu ameisikia na ameikubali, ila ameomba isitajwe kwamba alikuwa amekula ugali wa watu mjini wakati bahari inachukua viatu. Watu wa Tanga tumewaomba radhi katika sentensi ya tano.

La pili ni Bibi. Kiti chake kiwe mbele, kama alivyotaka, lakini msikiweke mahali laini. Mtafute mchanga uliolowa, huo ni mgumu na hauzamishi. Mshike upande wa kushoto kwa sababu ya goti. Akitaka kuingia majini mwacheni aingie, ila mtu asimwachie mkono, na kama atasimama muda mrefu bila kusema kitu msimharakishe. Mjomba Denis atataka kupiga picha nyingi, mwambieni apige kutoka mbali.

La tatu ni dogo. Kabla hujaondoka Musoma, chukua kikombe kikubwa cha maji, tia chumvi vijiko viwili vya chai, uonje. Ukifika Unguja onja ya kweli. Usiniletee kwenye chupa, yatakuwa yameshabadilika njiani. Uniandikie tu kama nilikuwa karibu au nilikosea, na kama kuna ladha nyingine ambayo vitabu havisemi.

Barua hii inakuja na Mwalimu Elius wa mtaa wa pili, anayesafiri kesho asubuhi kwenda kwao Musoma likizo. Amesema atakuletea mpaka mlangoni.

Nisalimie Baba mdogo Lameki, mwambie redio aliyotengeneza bado inaongea. Yoramu mpige busu kwenye lile jino. Mama anakusalimu na anasema usisahau kile kitambaa cheupe cha meza. Mjomba Stanley anakusalimu pia. Babu na Bibi wanakusalimu sana, na Bibi anasema ukifika Dar es Salaam kabla yake usiende kuitazama bahari, umngoje.

Nilikuwa nifunge bahasha hapo, lakini nikaona nikuandikie nilichofanya leo alasiri, ili ukimwona Bibi majini ujue ameshajifunza wapi.

Mafundi walipoondoka kiwandani nilibandika maji kwenye jiko lao la maranda. Vitabu vinasema bahari ya Unguja ina joto la nyuzi kama ishirini na sita, kwa hiyo nilichanganya na ya baridi kwenye ndoo mpaka yakawa vuguvugu tu, na nikatia chumvi kwa kipimo changu, safari hii vijiko vingi. Nikamleta Bibi mwisho wa maranda. Babu akamsaidia kuvua viatu na soksi. Ubaridi ulikuwa unauma, ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye magogo. Nikasimama hatua chache mbele yake, upande wa juu kidogo, nikayamwaga maji polepole yaje yenyewe. Yakateremka juu ya maranda, yakamfika vidoleni, yakapita kisigino, yakaanza kunywea chini. Aliyumba kidogo. Hakurudi nyuma.

"Ya moto," akasema.

"Ndivyo yalivyo, Bibi. Yanakuja hivyo, halafu yanaondoka."

"Ni haya tu?"

"Ni mengi zaidi. Na hayaachi kuja."

Akatazama miguu yake mpaka maji yote yakaisha. Kisha akasema, "Basi mwaga tena."

Nikajaza ndoo nikamwaga tena, nikajaza tena nikamwaga, mpaka maji ya moto yakaisha jikoni. Babu alisimama nyuma yetu muda wote huo, amevishika viatu vya Bibi mkononi. Nilimwambia aviweke chini apumzike. Alikataa.

Mungu akulinde barabarani na akufikishe salama kwa wazazi wako.

Mwanao akupendaye, aliyebaki na vitabu,

Matilda